Mkono Haupandi

"Mkono haupandi." Ndivyo wengi wa Pwani ya Kusini ya Kenya wanavyoanza kuyaeleza maumivu ya bega. Hawataji mfupa wala mshipa. Wanataja kazi iliyowashinda. Mkono haupandi kufunga leso kichwani, haupandi kumsuka mtoto, haufiki mgongoni. Mgonjwa akiachwa aseme hadi mwisho, hutoa na neno la pili, kwa sauti ya chini: basi nimeuacha tu, usije ukaharibika zaidi.

Neno hilo la pili ndilo lenye historia. Wataalamu walilipa jina rasmi mwaka 1990. Lakini huko Kwale, kwenye pwani hiyo, nani apumzishe mkono na nani asiupumzishe ni jambo lililoamuliwa kwa vizazi vingi na kitu kisichohusiana na hospitali hata kidogo, nacho ni kisima.

Ukivuka Likoni kwa feri na kushika barabara ya Lunga Lunga, ardhi ya upande wa bahari, kuanzia Tiwi na Diani hadi Msambweni, imelala juu ya mawe ya matumbawe. Mvua huzama humo haraka, na maji hupatikana chini. Kwa hiyo watu walichimba. Juu zaidi, kwenye vilima vya Shimba, chemchemi za Marere zilifungwa mabomba tangu enzi za ukoloni ili kuinywesha Mombasa. Maji yakateremka kwa mvuto wake yenyewe hadi mjini, huku vijiji vingi vilivyo chini ya vilima hivyo hivyo vikiendelea kuyapandisha ya kwao kwa kamba.

Hesabu ya kamba hiyo ni nyepesi, na inastahili kupigwa. Tuchukue kisima cha mita 15 na ndoo ya kutekea ya lita 5. Kila mshiko huvuta kama nusu mita, yaani mishiko 30 kwa ndoo moja, ndoo nne kwa dumu moja la lita 20. Hiyo ni mishiko 120. Nyumba inayotumia madumu matano kwa siku imekwisha kuvuta mara 600 kabla jiko halijawashwa, na bado maji yako kisimani, hayajafika nyumbani. Palipofungwa kapi, lile gurudumu la kamba ambalo mabaharia hulitumia kupandishia tanga, kazi ilikuwa afadhali, kwa kuwa mtu alivuta kuelekea chini na uzito wa mwili ukamsaidia. Pengi hapakuwa nalo. Kamba ilisugua ukingo wa jiwe mpaka jiwe likachimbika michirizi, na aliyevuta alisimama ameinama, mikono mbele, mabega yamebeba kila kitu.

Kisha ndipo mzigo ulipanda kichwani, juu ya kata. Hapo ndipo tofauti ya wanawake na wanaume ilipoonekana hata kwa jicho la mpita njia. Mwanamume aliyeuza maji mjini alitumia mzega, mti uliolazwa begani na debe likining'inia kila upande, na alilipwa. Mwanamke alibeba kichwani, mkono mmoja umeinuliwa kushikilia, hakulipwa. Si kwamba mabega ya wanaume yalistarehe. Mgema wa mnazi alipanda asubuhi na kupanda tena jioni. Mvuvi alivuta juya. Mkata miwa wa Ramisi aliinua panga siku nzima hadi kiwanda cha sukari kilipofungwa mwaka 1988, na wengine wakalishika tena kilimo cha miwa kilipofufuliwa huko miaka mingi baadaye. Lakini kazi hizo zilikuwa na msimu, na zilikuwa na umri wa kustaafu. Maji hayakuwa na kimojawapo.

Bega linaloitwa na madaktari bega lililoganda huwapata hasa watu wa kati ya miaka 40 na 60, wanawake zaidi ya wanaume, na wenye kisukari zaidi ya wote. Maana yake, humjia mtu katika umri ambao nyumba imemwegemea kabisa. Katika kijiji cha kamba na ndoo, mtu huyo alikuwa na njia mbili. Kuvuta na maumivu yake, au kumtafuta wa kuvuta badala yake. Aliyekuwa na binti alimpa binti kamba. Bega la mama likapumzika, mwezi ukawa miezi, na siku aliyotaka kuliamsha likakataa. Hofu ya kusogea haikuonekana kama hofu; ilionekana kama mtoto aliyechelewa shule kwa sababu ya foleni ya kisimani. Huenda ndiyo sababu simulizi za Kwale zimejaa habari za maji na zina machache sana kuhusu mabega.

Tiba haikukosekana. Palikuwa na kuchua kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, palikuwa na kukanda kwa maji ya moto, palikuwa na chuku ya kutoa damu mbaya. Palikuwa pia na leso iliyofungwa shingoni kuubeba mkono. Vitatu vya kwanza vilimgusa mgonjwa na kumsogeza. Hicho cha nne kilimfunga. Mkandaji mzuri hakuuliza ruhusa ya bega, aliuchukua mkono na kuuzungusha kidogo kidogo huku akiongea habari za harusi ya jirani, na mgonjwa akashtukia umefika mahali ambapo asubuhi aliapa haufiki. Na kwa watu ambao ngoma zao, sengenya miongoni mwake, haziyaachi mabega yatulie, bega lisilocheza lilionekana na ukumbi mzima.

Ulaya nayo ilikuwa imegawanyika hivyo hivyo. Mwaka 1863 daktari wa London, John Hilton, alichapisha mihadhara yake iliyotukuza kupumzika kuwa ndiyo dawa ya maumivu, na kwa vizazi kadhaa madaktari wa Kiingereza walifunga viungo vya watu kwa imani hiyo. Mwaka 1872 Mfaransa Simon Duplay alieleza bega linalokaza baada ya kuumia, akapendekeza lilazimishwe kusogea mgonjwa akiwa amelazwa usingizi wa dawa. Halafu akaja Ernest Amory Codman wa Boston, Marekani, mtu mgomvi na msema kweli, ambaye mwaka 1934 alitoa kitabu kizima juu ya bega na kuupa ugonjwa huu jina la kuganda. Ni jina la watu wa barafu. Mtu wa Diani akiambiwa bega lake limeganda hufikiria samaki wa kwenye friji, kitu kigumu ambacho ukikipinda kitakatika, na huo si msaada hata kidogo. Kukaza, au kukakamaa, maneno ambayo Waswahili walikuwa nayo siku zote, hayatishi kiasi hicho, kwani kilichokaza huweza kulegezwa.

Codman mwenyewe hakuwa mtu wa kutisha wagonjwa. Aliwaambia wainame mbele, mkono unaouma uning'inie, kisha uyumbe taratibu kama timazi. Bega haliinui chochote. Uzito wa mkono wenyewe ndio unaofanya kazi. Mazoezi hayo bado hufundishwa kila mahali penye fiziotherapia.

Rudi Kwale. Umoja wa Mataifa ulikuwa umeitangaza miaka ya 1981 hadi 1990 kuwa muongo wa maji, na Benki ya Dunia pamoja na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja huo, walikuwa wakitafuta pampu ya mkono ambayo kijiji kingeweza kuitengeneza chenyewe. Pampu nyingi za wakati ule zilikuwa za chuma kizito. Ikiharibika sehemu ya chini, lazima lije gari na mafundi wa kuyapandisha mabomba yote. Kazi ya kubuni iliyoanzia Malawi ilihamia Kenya, na kuanzia mwaka 1983 Pwani ya Kusini ikawa uwanja wa majaribio, kwa fedha za Sweden na kwa ushirikiano na wizara ya maji. Shirika la Kenya liitwalo KWAHO, linaloshughulikia maji na afya, lilipewa upande ambao wahandisi hawakuujua, yaani kuzungumza na watu.

Kilichotokana na hapo ni Afridev, pampu ambayo leo iko Msumbiji, Ethiopia, Malawi na kwingineko. Ubunifu wake hauna mwenyewe anayeudai. Kiwanda chochote chaweza kuitengeneza. Pistoni yake hutolewa juu bila kung'oa bomba, bushi zake ni za plastiki, na kuifungua yahitajika spana moja. Wanawake wa Kwale ndio waliofunzwa kuifungua. Waliunda kamati, wakakusanya pesa, wakaweka akiba benki, wakajifunza kubadilisha mpira uliochakaa. Zamani fundi wa mashine alikuwa mwanamume aliyekuja kutoka mbali. Sasa alikuwa mama wa kijijini aliyekuwa na spana hiyo nyumbani.

Katika ripoti za mradi ule mambo makuu yalikuwa maji safi, kipindupindu, kichocho ambacho Msambweni inakijua vizuri mno, na uongozi wa wanawake. Bega halikuwa ajenda. Lakini mpini wa pampu ulibadilisha kazi ya bega kuliko dawa yoyote iliyowahi kufika wilayani. Mikono haikupokezana kamba tena. Ilishuka pamoja, viwiko karibu na mbavu, na uzito wa mwili ukafanya sehemu kubwa ya kazi. Kwenye kisima cha mita 10 hivi, dumu la lita 20 lilijaa kwa dakika moja. Mama aliyemwachia binti kamba angeweza kuushika mpini mwenyewe, kwa mkono mzima kwanza, ule mwingine ukifuata juu juu. Mwenye kumbukumbu ya Codman ataona kitu kinachofanana na timazi yake, ingawa hakuna mhandisi aliyekuwa akilifikiria hilo.

Ubaya wa pampu ni kwamba huharibika. Ikikaa mbovu wiki tatu, kijiji hurudi kwenye kamba, na mabega yaliyozoea mpini hukutana ghafla na mishiko 600 ya kila siku. Misuli na kano za bega huvumilia mengi zikizoeshwa polepole. Ongezeko la ghafla ndilo linaloziwasha. Hapo ndipo mtu husema kamba ndiyo iliyomvunja, huapa hataigusa, na neno lile la pili huzaliwa.

Mwaka ule ule muongo wa maji ulipokwisha, 1990, wataalamu watatu wa Marekani, Kori, Miller na Todd, walilipa neno hilo jina la kitaalamu: kinesiofobia, hofu ya kusogea iliyopita kiasi, kwa imani kwamba kusogea kutaleta jeraha. Mwaka mmoja baadaye ikaja fomu ya kuipima, Tampa, yenye kauli 17. Alama za chini ni 17 na za juu 68. Ilibuniwa kwa ajili ya maumivu ya muda mrefu kwa jumla, baadaye ikapelekwa begani. Tafiti za bega zimeona tena na tena kuwa wenye hofu kubwa huwa pia na maumivu makali zaidi na mkono usiofanya kazi vizuri. Kauli zake kadhaa hutaja mazoezi ya mwili. Kwa mkulima wa Msambweni ingefaa zaidi iulize kuhusu ndoo.

Na wataalamu wenyewe hawana mikono safi katika jambo hili. Kwa miongo mingi, tangu Charles Neer wa Marekani alipoandika mwaka 1972 kwamba mfupa wa juu wa bega hukwaruza kano, maelfu walikatwa kipande cha mfupa huo. Mwaka 2018 yakachapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa katika hospitali 32 za Uingereza kwa wagonjwa 313: waliokatwa mfupa hawakuwa na nafuu kuliko walioingiziwa kamera tu bila kukatwa kitu. Lakini mtu aliyekwisha kuambiwa kuwa mfupa wake unasaga kano, au kwamba kano "imechanika", hausahau usemi huo kila anapotaka kuinua mkono. Hali wazee wengi wana kano zilizochanika na hawana habari, kwa kuwa hakuna aliyewapiga picha na haziwaumi.

Huko nyuma kwenye visima, mambo yalichukua mkondo ambao kamati za miaka ya 1980 zisingeuota. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitia kifaa kidogo ndani ya mpini wa Afridev, chenye kipima mwendo kama kile cha simu. Kila mpini unapopanda na kushuka, kifaa huhesabu, kisha hutuma ujumbe. Jaribio la kwanza, Kyuso huko Kitui, lilipunguza muda wa pampu kukaa mbovu kutoka karibu wiki nne hadi chini ya siku tatu. Kwale ikafuata, pampu kama mia tatu zikawekewa vifaa hivyo, na kampuni ya FundiFix ikaanza kuzitengeneza kwa ada ya kila mwezi. Takwimu zikaonyesha jambo ambalo kila mama alilijua: masika yakishuka, mipini hutulia, kwa kuwa watu hukinga maji ya paa. Mashine inajua mikono imepanda mara ngapi tangu alfajiri. Ni ya nani, na ni yupi aliyeuma meno, haijui.

Mwenye bahati ya kuupeleka mkono kwa mtaalamu wa fiziotherapia hupewa timazi ya Codman, halafu hupewa kifaa kinachochekesha ukikijua kisima. Ni kamba iliyopitishwa juu ya kapi, kapi limefungwa juu ya mlango. Mgonjwa hukaa chini yake, akashika ncha mbili. Mkono mzima unavuta kwenda chini, unaouma unapandishwa, sentimita chache leo, chache kesho, na mwenyewe ndiye anayeamua pa kusimama. Waliolelewa Kwale hawahitaji kuonyeshwa namna ya kushika. Wanaikamata kamba ile kama waliyoiacha jana, ila mwisho wake hakuna ndoo.