Sanamu za Shaba za Kashmir na Patan

Kati ya karne ya 7 na ya 10, mafundi wa bonde la Kashmir walisubu sanamu za Buddha kwa shaba ya manjano, yaani shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Mchanganyiko huo haukupatikana kirahisi katika ulimwengu wa kale. Zinki hugeuka mvuke ikifikia nyuzi 907 za Selsiasi, ilhali shaba nyekundu haiyeyuki mpaka nyuzi 1,085. Njia ya kale ilikuwa kuponda mawe yenye zinki na kuyafungia pamoja na makaa na vipande vya shaba katika chungu kilichozibwa, ili mvuke uingie ndani ya shaba kabla haujapotea.

Metali iliyopatikana ilikuwa na rangi iliyokaribia dhahabu, na watu wa Kashmir waliiacha ionekane. Machoni walipachika fedha, midomoni shaba nyekundu, na uso ukapata uhai ambao sanamu nyingi za baadaye, kwa fahari yake yote, hazina. Rinchen Zangpo (958–1055), mtafsiri wa vitabu vya Kibudha, aliporudi magharibi mwa Tibet kutoka Kashmir alifuatana na mafundi wa huko, na mtindo wao ukaendelea ng'ambo ya Himalaya.

Wanewari wa Patan, katika bonde la Kathmandu nchini Nepal, walishika shaba nyekundu. Ni ngumu kusubu kuliko ya manjano, lakini hupokea dhahabu vizuri zaidi. Dhahabu ilisagwa pamoja na zebaki, ikapakwa juu ya sanamu, kisha moto ukaifukuza zebaki na kuiacha dhahabu imeshika. Moshi wake ni sumu, na uzuri huo umewagharimu mafundi afya zao. Sanamu yenyewe huchongwa kwanza kwa nta na kuvikwa tabaka za udongo. Nta huyeyushwa itoke, shaba humiminwa mahali pake. Kwa kuwa udongo huvunjwa ili kuitoa sanamu, kila kalibu hutumika mara moja tu. Sifa za mafundi hao zilifika mbali: mwaka 1260 kijana Arniko aliongoza wenzake wapatao 80 kwenda Tibet, kisha akamtumikia Kublai Khan, na mnara mweupe alioujenga Beijing, uliokamilika mwaka 1279, bado umesimama. Kazi ingalipo Patan, hasa katika familia za Shakya, na siku hizi shaba ya manjano pia hutumika.

Katika sanamu za Buddha, mikono ndiyo inayoeleza tukio la maisha yake. Mkono wa kulia ukigusa ardhi, huyo ni Buddha chini ya mti wa Bodh Gaya, akiiita ardhi imshuhudie mbele ya Mara, mjaribu wake. Mikono miwili kifuani, kama inayozungusha gurudumu, ni mahubiri ya kwanza ya Sarnath. Masikio marefu hukumbusha hereni nzito alizovaa alipokuwa mwana wa mfalme na kuziacha, na kitako cha yungiyungi ni usafi utokao kwenye tope. Upanga na kitabu humtambulisha Manjushri, bwana wa hekima. Tara wa Kijani, mwokozi wa kike, hushusha mguu wa kulia, tayari kuinuka kusaidia.

Kwa Wabudha wa Himalaya, sanamu haijakamilika mpaka iwekewe ndani maombi yaliyoviringishwa, nafaka na masalia matakatifu, kisha kitako kizibwe kwa bamba la shaba. Kulifungua kwa udadisi ni kuivunjia heshima, na mara nyingi ni kupoteza ushahidi wa umri wake.

Utunzaji nao hufuata metali na ibada. Dawa za kung'arishia vyombo huondoa dhahabu iliyopakwa usoni kwa desturi ya Tibet na rangi ya buluu ya nywele. Vumbi hutolewa kwa brashi laini iliyo kavu. Kuiogesha sanamu kwa ibada si lazima kuilowanishe: maji humwagwa juu ya kioo kinachoonyesha taswira yake. Amonia ni hatari zaidi kwa shaba ya manjano, kwani huweza kuipasua, na unga wa kijani kibichi unaorudi kila ukifutwa ni dalili ya kutu ya chumvi. Sanamu yenye dalili hiyo huhitaji mahali pakavu na mikono ya mtaalamu.