Baiskeli ya injini: anza na breki, injini baadaye

Mpwa wangu alipomaliza Kidato cha Nne alikaa kwa bibi yake Msambweni akitafuta kazi, na kazi haikupatikana. Siku moja akanipigia simu. "Shikamoo mjomba. Nimepata injini."

Ilikuwa mashine ya kukatia nyasi, ya aina ile wanayobeba begani watunza bustani wa hoteli za Diani. Aliinunua kwa muuza vyuma chakavu Ukunda. Nia yake ilikuwa kuifunga kwenye Black Mamba ya marehemu babu yake, awe akichukua samaki Gazi alfajiri na kuwauza mitaani kabla jua halijawa kali.

Baada ya wiki tatu baiskeli ilikwenda. Siku ya nne ilikataa kusimama. Mvua ilikuwa imenyesha, naye alikuwa akitoka Gazi kuingia barabara kuu ya Likoni kwenda Lunga Lunga. Alibana breki zote mbili, baiskeli ikaendelea kwenda mbele, na lori linakuja. Akajitupa majanini. Alivunjika mtulinga, akakaa wiki sita mkono umefungwa shingoni.

Lawama nyingine ni yangu. Nilimsaidia kufunga injini, wala sikumuuliza habari ya breki. Najua wako vijana wengine Kwale nzima wenye injini kuukuu uani na wazo kama lake. Haya ndiyo ningemwambia tangu siku ya kwanza.

Wazo si geni

Kufunga injini ya kuokota kwenye baiskeli si wazimu. Mwaka 1946, Japani ikiwa imetoka vitani, Soichiro Honda wa mji wa Hamamatsu alipata injini ndogo zilizobaki jeshini, ambazo kazi yake ilikuwa kuzungusha jenereta za redio. Akazifunga kwenye baiskeli za kawaida. Tangi la mafuta la ile ya kwanza lilikuwa chombo cha maji moto cha kupashia kitanda. Injini zile, kama 500 hivi, zilipokwisha, alianza kuunda zake mwenyewe mwaka 1947, na 1948 kampuni ya Honda Motor ikaanzishwa. Ufaransa nako, mwaka huohuo wa 1946, VéloSoleX ilianza kuuzwa: baiskeli yenye injini juu ya gurudumu la mbele, ikilizungusha kwa roli inayosugua tairi.

Vyombo hivyo vilikuwa vya mwendo mdogo. Matatizo huanza pale kijana anapotaka mwendo wa pikipiki juu ya mwili wa baiskeli.

Kwanza breki

Baiskeli ya kukanyaga mahali tambarare huenda kama kilomita 15 kwa saa. Ukiifikisha 30, mwendo umeongezeka mara mbili, lakini nguvu ambayo breki lazima iimeze imeongezeka mara nne. Ikiwa ulikuwa ukisimama kwa mita 3, sasa unahitaji mita 12. Hapo bado hujabeba kreti la samaki nyuma.

Black Mamba ina fremu ngumu, na ndiyo sababu mafundi huipenda. Breki zake, hata hivyo, ni za vyuma virefu vinavyovuta vipande vya mpira kwenye rimu ya chuma. Rimu ya chuma ikilowa, mpira huteleza. Ndilo lililomkuta mpwa wangu.

Chagua baiskeli ya milima yenye rimu za alumini au, bora zaidi, yenye breki ya diski mbele. Alumini hushika vizuri zaidi wakati wa mvua. Breki ziwe mbili, kila moja na waya wake, na waya ziwe mpya. Usiokoteze waya wa breki. Huku kwetu upepo wa bahari una chumvi, na waya hula kutu ndani ya kasha lake huku nje ukionekana mzima.

Wengine hutaka habu ya pikipiki yenye breki ya dramu. Inawezekana, lakini hesabu mashimo ya spoki kabla ya kulipa. Habu nyingi za pikipiki zina 36. Rimu yako ikiwa na 32 au 40, hazitaoana.

Kutafuta injini

Injini ya kukatia nyasi inafaa kwa sababu ni nyepesi, ina tangi lake, na ina klachi inayoshika yenyewe mzunguko unapopanda. Ikiwa taratibu, injini inanguruma lakini gurudumu halisukumwi. Kabla ya kununua, vuta kamba polepole. Usiposikia ukinzani wa hewa, pistoni au ringi zimekwisha. Toa plagi uitazame: ikiwa na masizi makavu ya rangi ya kahawia, injini ilikuwa ikichoma vizuri.

Nunua kwa muuzaji mwenye leseni, na udai risiti. Kenya ina Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015, na biashara hiyo iliwahi kusimamishwa nchi nzima kwa miezi kadhaa mwaka 2022 kwa sababu ya wizi wa nyaya na vyuma vya umma. Injini iliyosuguliwa nambari yake iache hapohapo. Ukishikwa nayo, maelezo yatakuwa yako.

Hesabu ya mwendo

Hapa wengi hukisia. Gurudumu la inchi 26 likizunguka mara moja husogea kama mita 2.07. Ili uende kilomita 25 kwa saa, lazima lizunguke karibu mara 200 kwa dakika. Injini ndogo ya aina hii hufanya kazi vyema ikizunguka kama mara 6,000 kwa dakika. Gawanya 6,000 kwa 200, unapata 30. Maana yake injini izunguke mara 30 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu.

Kwa cheni, fanya hatua mbili: ya kwanza ipunguze mara 5, ya pili mara 6. Cheni za hatua zote mbili zinyooke sawasawa, la sivyo zitaruka. Ziwekee kinga ya bati, kwani kanzu, suruali pana au leso ikinaswa humvuta mtu chini.

Kwa roli, gawanya kipenyo cha gurudumu kwa kipenyo cha roli. Gurudumu la milimita 660 na roli ya milimita 25 hukupa karibu 26, yaani kama kilomita 28 kwa saa kwa mzunguko uleule. Njia hii ni rahisi na haihitaji cheni ya pili, ila roli hula tairi na huteleza kwenye mvua.

Ukipunguza uwiano huo ili ukimbie zaidi, injini itachoka kwenye mlima. Anayetoka Kombani kupanda Kwale mjini ataona. Hapo pedeli zina kazi, kwa hiyo usizitoe.

Mafuta na kufunga

Injini nyingi za kukatia nyasi ni za tu-stroki: oili huchanganywa na petroli. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye mashine. Kikiwa ni 25 kwa 1, lita moja ya petroli hupewa mililita 40 za oili. Ukisahau oili, pistoni itakwama kabla hujafika mbali.

Usitumie chupa ya soda kuwa tangi. Hailingani na joto wala mtikisiko, na tone la petroli kwenye eksozi ya moto linatosha kuwasha mwili wako.

Injini hutetemesha kila kitu. Tumia nati za kujifunga zenye mpira wa nailoni ndani, na uzikague kila asubuhi. Usichomelee moja kwa moja kwenye bomba jembamba la fremu, kwani moto hulidhoofisha chuma na kitapasuka pembeni mwa mshono. Tengeneza vishikizo vya kubana kwa boliti.

Sheria inasemaje

Hapa sitamdanganya mtu. Kwa Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, chombo kinachosukumwa kwa nguvu za mashine ni chombo cha moto, hata kikiwa na pedeli. Barabarani kinahitaji usajili wa NTSA, dereva mwenye leseni, na kofia ya kukinga kichwa. Sura ya 405 inadai bima ya kumlinda mtu mwingine. Bila bima, ukimgonga mtoto wa shule pale Ukunda, gharama ya matibabu itatoka kwenye shamba la wazazi wako.

Kwa hiyo baiskeli uliyoiunda uani ni ya ndani ya shamba lenu mpaka utakapokuwa na karatasi hizo. Mpwa wangu hakupenda kusikia hivyo, nami sikupenda kumwambia. Ile injini sasa iko kwenye baiskeli ya milima yenye diski mbele, na inabeba nazi kutoka minazini hadi nyumbani kwa bibi. Samaki anawachukua kwa kukanyaga, huku akiweka akiba ya pikipiki iliyosajiliwa.

Jaribio la mwisho

Kabla hujampa mtu yeyote aendeshe, chora mstari ardhini mahali wazi pasipo watu. Njoo kwa mwendo wako wa kawaida, bana breki ukifika mstarini, kisha hesabu hatua. Mwagia rimu maji, urudie. Rudia tena ukiwa na mzigo. Ikiwa mara yoyote umepita hatua kumi, zima injini, uirudishe kwa fundi kwa kuisukuma.