Moto, Mwanga na Maji katika Nyumba za Kibaha na Kisarawe

Mtu ajengaye nyumba Kibaha au Kisarawe katika miaka hii, akishaezeka bati na kutia madirisha, aghalabu hufikiri juu ya vyombo vitatu ambavyo babu yake hakuvijua kwa sura hiyo: jiko la kuchomea nyama, jenereta ya kuwashia taa umeme ukatikapo, na mashine ya kuoshea kwa maji yasukumwayo kwa nguvu. Huuliza bei, huuliza nguvu, huuliza kama vipuri vyapatikana Kariakoo. Maswali hayo ni mema. Lakini jiko hutaka mkaa, jenereta hutaka mafuta, na mashine ya kuoshea hutaka maji. Na katika wilaya hizi mbili kuni, umeme na maji vina historia ndefu ya kupita mlangoni pa watu kwenda kwingine. Mnunuzi afikapo dukani, sehemu kubwa ya uchaguzi wake imekwisha kufanywa na wengine, tena zamani.

Kibaha iko kando ya barabara iendayo Morogoro, kiasi cha kilomita 40 kutoka Dar es Salaam, na ndiyo makao makuu ya Mkoa wa Pwani. Kisarawe iko kusini yake, katika vilima vinavyoungana na vile vya Pugu. Wenyeji wengi wa asili ni Wazaramo, na katika nyumba zao za zamani moto ulikuwa mafiga matatu na kuni zilizookotwa karibu, na maji yalikuwa mtungi uliojazwa kisimani na wanawake na watoto. Samaki na nyama vilichomwa juu ya makaa yaliyosalia baada ya ugali kuiva. Mafuta ya taa yalipofika, kikaja kibatari cha kopo, kisha chemli, na kwa harusi na maulidi karabai ya kuazima. Karabai hiyo yastahili kukumbukwa, kwa kuwa ndicho chombo cha kwanza katika nyumba nyingi kilichotumia pampu: mtu alisukuma kwa mkono mpaka mafuta yakapanda yakawa mvuke, na kifuko chake kikawaka mweupe. Wazo la kulazimisha kitu kwa nguvu kitokee katika tundu dogo, ambalo ndilo msingi wa mashine ya kuoshea, halikuwa geni kwa mzee yeyote aliyewahi kuwasha karabai.

Vyombo vitatu vya leo vilipata sura yake ya nyumbani mbali na hapa, na vyote katika kipindi kifupi. Mwaka 1950 Alfred Kärcher wa Ujerumani alitengeneza mashine ya kuoshea kwa maji moto ya nguvu, ingawa ilikuwa ya viwanda na karakana. Ile ndogo ya kubebeka ya kampuni yake haikutoka mpaka 1984. Mwaka 1952 George Stephen, fundi wa chuma karibu na Chicago, alikata boya la chuma akalifanya jiko la duara lenye kifuniko. Mwaka 1965 kampuni ya Honda ya Japani ilitoa jenereta ndogo ambayo mtu mmoja aweza kuiinua. Katika miaka hiyo hiyo mambo mengine yalitendeka Pwani, na yana uzito zaidi kwa habari hii. Mwaka 1959 mtambo wa maji wa Ruvu Juu ulijengwa Mlandizi, katika nchi ambayo leo ni ya Kibaha, na bomba likalazwa kuelekea Dar es Salaam. Mwaka 1964 mtambo wa Hale katika mto Pangani ulianza kutoa umeme, na nyaya zikavutwa hadi jiji hilo hilo. Mwaka 1975 ulifuata mtambo wa Kidatu, na nyaya zake zikaja kwa njia ya Morogoro mpaka Ubungo. Reli ilikuwa imekwisha kutangulia: ilifika Morogoro mwaka 1907 kwa kupita Pugu, Soga na Ruvu. Basi twiga wa vyuma wenye kubeba umeme walisimama juu ya mashamba ya minazi na mikorosho, na chini yao kibatari kiliendelea kuwaka.

Haki itendeke: si kila mahali palipitwa. Kibaha ilipata mwaka 1963 mradi mkubwa wa nchi za Skandinavia na Tanganyika, uliozaa shule, chuo cha wakulima na kituo cha afya, na ambao leo ni Shirika la Elimu Kibaha. Walio karibu na barabara kuu walipata bomba na waya kabla ya wengine. Walio nyuma ya barabara, na Kisarawe karibu yote, walingoja.

Kilichotoka huko kwenda mjini bila kungoja ni mkaa. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ilitengwa kuwa hifadhi wakati wa utawala wa Waingereza, lakini hifadhi iliyo mlangoni pa jiji lenye njaa ya moto hailindwi kwa tangazo. Kazi ya mchoma mkaa ni ngumu kuliko wanavyodhani wanunuao kwa kopo. Hukata miti, huipanga, huifunika nyasi na udongo, huitia moto, kisha hulinda tanuri usiku na mchana lisije likatoboka na kila kitu kikawa majivu. Katika tanuri la namna hiyo kilo 100 za kuni hutoa kilo 10 hadi 20 hivi za mkaa. Kisha huja baiskeli, magunia yakiwa yamefungwa nyuma yakamzidi mwendeshaji kwa kimo, naye akiisukuma kupanda mlima na kuizuia kwa mwili wake wakati wa kuteremka.

Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2010 walipima jinsi uharibifu huo ulivyosogea. Mwaka 1991 ukanda wa uchomaji mkaa ulikuwa umefika kilomita 20 hivi kutoka Dar es Salaam. Mwaka 2005 ulikuwa umefika kilomita 50. Ni mwendo wa kilomita mbili kwa mwaka. Msomaji akitazama ramani ataona kwamba kati ya miaka hiyo miwili ndipo ukanda huo ulipoivuka miji ya Kisarawe na Kibaha. Benki ya Dunia nayo ilikadiria mwaka 2009 kuwa karibu nusu ya mkaa wa nchi nzima ulitumika Dar es Salaam, na kwamba nyumba za jiji hilo zilizopikia mkaa ziliongezeka kutoka asilimia 47 mwaka 2001 hadi asilimia 71 mwaka 2007. Wakati ambapo watu hudhani mji huacha mkaa kadiri uendeleavyo, mji huu uliongeza.

Kwa hiyo jiko si jambo dogo. Jiko la kuchomea nyama lipendwalo zaidi huku hutengenezwa na wachomeleaji wa mtaani kwa pipa la lita 200 lililopasuliwa kwa urefu, likatiwa miguu ya nondo na wavu juu. Ni rahisi, na hutosha mishikaki ya harusi nzima. Kasoro yake ni ulafi: tumbo lake ni pana, chuma chake ni chembamba, nalo liko wazi juu, hivyo joto kubwa hupotea hewani. Mwenye watu sita nyumbani hana haja nalo. Jiko dogo lenye kifuniko na tundu la hewa lifungikalo litamchomea kuku kwa sehemu ndogo ya mkaa huo, na lenye kifua cha udongo, kama majiko yaliyoenea Afrika Mashariki tangu miaka ya 1980, hupunguza mkaa wa kupikia kwa theluthi au zaidi. Yako mengine ya kuangalia. Pipa lililobeba dawa za viwandani lisikubaliwe hata likitolewa bure. Wavu wa waya uliopakwa zinki usiwekwe nyama, kwa kuwa zinki ikipata moto mkali hutoa moshi wenye madhara. Na ingawa vifuu vya nazi ni moto mzuri ambao mtu wa Pwani anao uani kwake, maganda ya korosho, ambayo nayo ni mengi, yana mafuta makali yachomayo ngozi. Moshi wake haufai chakula.

Mwaka 2006 ulikutanisha mambo haya yote. Ukame ulikausha mabwawa ya umeme, na nchi ikaingia katika mgawo mkali. Mwaka huo huo serikali ilipiga marufuku uchomaji na uuzaji wa mkaa, kwa nia ya kuokoa misitu, lakini marufuku hiyo haikudumu. Nyumba yenye waya ilikosa mwanga, na nyumba yenye jiko ilitafuta mkaa kwa bei ya juu. Ndipo jenereta ndogo zilipoanza kunguruma katika vibaraza vya maduka, saluni na mabucha. Hata dola ilikwenda sokoni kutafuta jenereta: ilifunga mkataba na kampuni ya Richmond kwa mitambo ya dharura ya megawati 100. Mitambo haikuja kwa wakati, Kamati Teule ya Bunge ikachunguza, na mwezi wa Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Katika historia ya nchi hii hapana ununuzi wa jenereta uliogharimu kama huo, na kosa lake ni lile lile la mnunuzi wa kawaida: kununua gizani, kwa haraka, bila kupima muuzaji.

Mnunuzi wa nyumbani hupima kwanza mzigo. Taa na redio hazisumbui. Jokofu husumbua, kwa maana mota yake wakati wa kuanza huomba nguvu mara kadhaa ya ile iitumiayo ikishatulia. Jenereta ya kilowati moja yaweza kuwasha nyumba yote ikazimika kwa sababu ya jokofu moja. Ya petroli ni nyepesi na ya bei nafuu. Ya dizeli hudumu, lakini ni nzito na hufaa afanyaye kazi nayo kila siku. Haifai kamwe kuunganishwa na nyaya za nyumba bila swichi ya kugeuzia, kwani umeme wake waweza kurudi katika nguzo ukamwua fundi anayetengeneza waya akijua umekufa. Nayo, kama jiko la mkaa, hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi. Wanaoiingiza ndani kwa kuogopa wezi, au wanaolala na jiko kwa sababu ya baridi ya masika, huenda wasiamke.

Mashine ya kuoshea ndiyo inayoonyesha historia kwa uwazi zaidi, ingawa ndiyo yenye umuhimu mdogo kuliko zote tatu. Ndogo ya nyumbani hutumia maji kiasi cha lita 6 kwa dakika, yaani lita 360 kwa saa. Wauzaji husema kwa haki kwamba hiyo ni kidogo kuliko mpira wa bustani. Lakini nyumba isiyo na bomba haina mpira wa bustani. Huko lita 360 ni ndoo 18 za lita 20, kila ndoo ikiwa imebebwa kichwani au kwa baiskeli. Hakuna mama wa Kisarawe atakayetoa ndoo 18 ili ukuta ung'ae. Mashine hiyo hutaka pia kilowati moja na nusu hadi mbili, kwa hiyo jenereta ndogo iliyonunuliwa kwa ajili ya taa haitaiendesha; na pampu yake huharibika upesi kwa maji ya kisima yenye mchanga, isipowekewa chujio. Kwa mwenye gari moja na uwanja wa udongo, ndoo na kitambaa vyatosha. Yafaa kwa mwenye banda la kuku au nguruwe, ambako usafi ni kinga ya maradhi, na kwa kijana anayetaka kuosha pikipiki kwa malipo.

Na kijana huyo alingoja muda mrefu. Maji ya Ruvu yalichukuliwa Mlandizi tangu 1959, lakini mradi wa kuyafikisha mji wa Kisarawe kutoka Kibamba ulizinduliwa na Rais John Magufuli mwaka 2020. Ni miaka 61 kwa safari ambayo gari huimaliza kabla chai haijapoa. Aliyezaliwa mwaka bomba la kwanza lilipolazwa alikuwa amekwisha kustaafu lilipofunguliwa la pili.

Umeme nao umebadilika. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, ambao uko katika Mkoa wa Pwani huu huu, lilianza kutoa umeme mwaka 2024, na uwezo wake wote ni megawati 2,115, zaidi ya mara kumi ya Kidatu. Katika maduka ya vijijini paneli za jua zimekwisha kuchukua nafasi ya jenereta, kwa maana hazinywi petroli. Ugumu uliobaki ni moto. Tangu Januari 2024 taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zimekatazwa kupikia kuni na mkaa, na mkakati wa taifa wataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Agizo hilo halikumgusa mchoma mishikaki wa kando ya barabara, wala pipa lililopasuliwa lililoko uani kwa ajili ya Idi na Krismasi. Na mkaa wake, siku hizi, hutoka mbali zaidi ya Kisarawe.