Chama cha Mamangu Kilijua Git Kabla ya Linus

Oya, leo sina video. Nina maandishi tu, na naanza na aibu yangu mwenyewe.

Nilipoacha chuo mwaka wa pili (karo ilikataa, hiyo ni stori ya siku nyingine) nilirudi nyumbani Kombani nikajiona mimi ndiye fundi wa kompyuta wa Matuga nzima. Mamangu ni mweka hazina wa chama cha akina mama 22. Kila Jumapili wanakutana chini ya mwembe, kila mmoja na kijitabu chake. Ukilipa, unaandikiwa kwenye daftari kubwa, halafu unaandikiwa kwenye kijitabu chako, na sahihi pande zote mbili. Kabla ya pesa kuguswa, katibu anasoma kumbukumbu za mkutano uliopita kwa sauti. Mtu akisikia kitu hakikaa sawa, anainua mkono hapo hapo.

Mimi nikaona haya mambo ni ya kizamani. Nikawaambia, vijitabu tuachane navyo, hesabu yote naiweka kwenye Excel, kwa laptopu yangu. Wakakubali, maana mtoto amesoma.

Mwezi wa tatu hesabu ikapungua shilingi 3,500. Nikifungua laptopu nakuta mafaili manne: "chama", "chama mpya", "chama mpya sahihi", na "chama ya mwisho kabisa". Moja dadangu alikuwa ameifungua kwa simu. Nani alibadilisha nini, na lini? Hakuna aliyejua. Macho yote yakamgeukia mamangu. Na nyinyi wa huku mnajua, neno "mwizi" likishakugusa, hata ukioga bahari yote ya Tiwi halitoki.

Kilichomuokoa ni nyanya mmoja wa Ng'ombeni ambaye hakuwahi kuniamini. Aliendelea kuandika kijitabu chake kimya kimya, na wenzake watano vilevile. Tukalinganisha mstari kwa mstari mpaka kosa likaonekana: mimi ndiye niliyefuta mstari mmoja nikinakili faili. Mamangu hakusema neno. Hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma historia ya Git kama mtu anayetafuta dawa. Kwa wasioijua: Git ni programu ya kutunza matoleo. Kila unapobadilisha kazi yako unaweka rekodi, na inabaki imeandikwa nani, lini, na nini hasa kilibadilika. Karibu programu zote unazotumia kwa simu yako, mahali fulani nyuma yake kuna Git. Swali langu lilikuwa moja: na hiyo Git yenyewe, nani anailinda?

Twende 2003. Linux, ule mfumo ambao Linus Torvalds wa Finland alianza kuuandika 1991, ulikuwa unatunzwa ndani ya programu ya kampuni moja, jina lake BitKeeper. Kwa wale waliokataa kuitumia, kulikuwa na nakala ya pembeni katika mfumo wa zamani zaidi, CVS. Novemba ya mwaka huo mtu akaingia kwa kompyuta ya hiyo nakala akaandika mistari miwili tu.

Ujanja wake ulikuwa kwa alama moja. Katika lugha ile ya msimbo, alama mbili za sawasawa (==) ni swali: "Je, wewe ndiye mkuu wa mashine?" Alama moja (=) ni amri: "Kuwa mkuu wa mashine." Yeye aliweka moja. Ukiisoma haraka unaona swali la kawaida. Kumbe ni mlango wa nyuma, na anayejua kubisha anaingia akiwa na mamlaka yote.

Alikamatwaje? Yeye mwenyewe hakukamatwa, mpaka leo hajulikani. Lakini ile mistari ilikamatwa, kwa sababu Larry McVoy, mwenye BitKeeper, aliona mabadiliko kwa nakala ya CVS ambayo hayakuwa na rekodi yoyote kwa kitabu kikuu. Yaani vitabu viwili vilipolinganishwa vilikataa kusema kitu kimoja. Yule nyanya wa Ng'ombeni angeelewa hii hadithi bila mimi kumfafanulia.

Aprili 2005 mambo yakaharibika kwa njia nyingine. Mtaalamu mmoja, Andrew Tridgell, alianza kuandika programu yake ya kuzungumza na BitKeeper, na McVoy akaondoa ruhusa ya kuitumia bure. Watu wa Linux wakabaki na kazi ya miaka bila daftari la kuiandikia. Hapo ndipo utaona ubaya wa kitabu chenu kukaa kwa mtu mmoja, hata awe mtu mzuri vipi. (Ndiyo, najisema mimi na laptopu yangu.)

Linus alianza kuandika Git tarehe 3 Aprili. Kufikia tarehe 7, Git ilikuwa tayari inatunza msimbo wake yenyewe. Julai mwaka huo huo akamkabidhi Junio Hamano, ambaye ameitunza tangu wakati huo.

Sasa tazama alivyoitengeneza. Kwanza, kila mtu ana nakala nzima, na historia yote ndani. Hicho ni kijitabu. Pili, kila rekodi ina alama yake ya kidole, herufi na tarakimu 40 zinazotokana na kilichomo ndani, na inabeba pia alama ya rekodi iliyotangulia. Ukibadilisha nukta moja ya miaka mitano iliyopita, alama zote zilizofuata zinabadilika. Hicho ni kusoma kumbukumbu za mkutano uliopita. Linus hakuja Kombani, najua. Lakini tatizo lilikuwa moja, na jibu likafanana.

Mtihani wenyewe ulikuja 2011. Agosti ya mwaka huo iligundulika kwamba wadukuzi wameingia kwenye seva za kernel.org, nyumba kuu ya Linux. Mtandao wao ukazimwa kwa wiki kadhaa. Mtu angedhani Linux imekwisha. Lakini msimbo wakati huo ulikuwa na mafaili karibu 40,000, kila moja na alama yake, na nakala zilikuwa kwa maelfu ya watu duniani. Ungeweza kuiba nyumba, lakini kubadilisha kitabu bila mtu kushtuka usingeweza.

Hapa wengi wenu mngefunga stori mkasema Git ni salama, tulale. Subiri kidogo.

Desemba 2014 ikaonekana kwamba kwa Windows na Mac, mtu angeweza kukupa mradi wenye folda iliyoandikwa kwa herufi kubwa na ndogo kwa ujanja, na ukiuchukua, kompyuta yako inatekeleza amri zake. Februari 2017, Google na watafiti wa Amsterdam wakatoa mafaili mawili tofauti yenye alama moja ya kidole, ile ile aina ambayo Git hutegemea. Ilibidi Git iwekewe kinga ya kugundua ujanja huo, na baadaye ianze njia ya kuhamia alama yenye nguvu zaidi. Januari 2023 yakatoka matokeo ya ukaguzi wa usalama uliofanywa na kampuni ya X41 D-Sec pamoja na GitLab: ndani yake kasoro mbili nzito, zikazibwa. Hii ni programu yenye mamia ya skripti za majaribio, inayosomwa na watu wakali kuliko mimi na wewe, na bado kulikuwa na matundu.

Halafu 2024, ile iliyoninyima usingizi. Kuna programu ndogo inaitwa xz, kazi yake ni kubana mafaili. Mtu aliyejiita Jia Tan alisaidia kwa upole zaidi ya miaka miwili mpaka akaaminiwa. Kisha akaficha sumu, na aliificha wapi? Ndani ya mafaili ya majaribio! Yale mafaili ambayo kila mtu anadhani ni ya kupima tu. Na kipande cha kuiamsha hakikuwa kwa Git kabisa, kilikuwa kwa kifurushi cha kupakua. Kitabu kilisema hivi, kifurushi kikasema vile, na hakuna aliyevilinganisha. Kilichotuokoa ni Andres Freund, aliyeona kuingia kwa mashine yake kunachelewa nusu sekunde akakataa kupuuza.

Kwa hivyo msimamo wangu ndio huu: Git haikulindi. Inakupa uwezo wa kulinganisha, na wewe usipolinganisha, ni kijitabu kilichofungiwa sandukuni.

Na msiniambie haya ni ya Wazungu. OpenMRS, mfumo huria wa rekodi za wagonjwa, ulianza kutumika Eldoret 2006, na KenyaEMR inayotumika hospitalini mwetu imejengwa juu yake. Ushahidi ilizaliwa hapa Kenya 2008, baada ya vurugu za uchaguzi. Misimbo yao iko wazi, unaweza kuisoma leo usiku. Wangapi tunaisoma?

Mimi mwenyewe sijapona. Mwaka jana nilipakia mradi wangu hadharani na funguo za siri za malipo ndani. Nikashtuka, nikafuta, nikapumua. Ujinga mtupu! Git haisahau, ukirudi rekodi moja nyuma, funguo ziko palepale. Kufuta hakusaidii, unabadilisha funguo zenyewe, na haraka. Hilo hakuna mhadhara ulionifunza.

Chama nacho? Vijitabu vimerudi. Mimi natunza hesabu kwa Git, lakini kila Jumapili naisoma kwa sauti chini ya mwembe, na akina mama 22 wanafuata kwa kidole. Wiki iliyopita yule nyanya aliinua mkono. Nilikuwa nimesoma 500 badala ya 550.

Nikarekebisha mbele yao wote. Iko kwa rekodi, na jina langu juu yake.