Mashua Zilivyotafuta Kwao Chini ya Milima ya Buha

Agosti 1878 Edward Coode Hore aliingia Ujiji kwa miguu akitokea pwani. Alikuwa nahodha mwenye cheti, mtu wa bahari kuu, na kazi aliyotumwa na Shirika la Misheni la London ilikuwa ya kibaharia: atafute mahali ambapo chombo cha tanga, na baadaye meli ya mvuke, kingeweza kulala salama mwaka mzima kwenye Ziwa Tanganyika. Fedha za kuanzia zilikuwa zimetoka kwa Robert Arthington, tajiri wa Leeds, aliyetoa pauni 5,000 kwa ajili ya misheni hiyo. Mwenzake Hore, J. B. Thomson, alifariki Ujiji mwezi uliofuata. Hore akabaki na swali lake, na jibu lilimchukua miaka.

Swali lenyewe halikuwa geni kwa watu wa Afrika Mashariki. Kabla yake Sayyid Said wa Oman alikuwa amelitatua kwa namna yake alipohamishia makao yake Unguja, kati ya miaka ya 1832 na 1840. Muscat ilikuwa na bandari nzuri iliyozungukwa na miamba mikavu. Unguja ilimpa bandari, maji matamu, chakula, na pepo za kaskazi na kusi zilizopeleka na kurudisha majahazi kila mwaka. Kutokana na uamuzi ule wa mtu mmoja mwenye merikebu, misafara ya pembe na ya watumwa ilizidi kuingia bara, na kituo chake kikuu ziwani kikawa Ujiji.

Ujiji ilikuwa nchi ya Waha. Ilikaa katika himaya ndogo ya Bujiji, ukingoni mwa Buha yote inayopanda mashariki na kaskazini hadi Heru, ambako leo ni Kasulu, na zaidi hadi Muhambwe na Buyungu upande wa Kibondo. Ziwa liko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari; nchi ya juu inapita mita 1,200 katika sehemu nyingi, ina baridi asubuhi na mvua za kutosha. Vilivyoota huko vilishuka. Mtama, maharage, mbuzi na samli viliteremka kwa vichwa vya watu hadi sokoni Ujiji, na dagaa waliokaushwa, mawese na chumvi vikapanda. Chumvi ilichemshwa Uvinza, pale mto Ruchugi unaotoka milima ya Kasulu unapokaribia kuungana na Malagarasi, na uchunguzi wa wataalamu wa mambo ya kale umeonyesha kwamba kazi hiyo ina umri wa miaka 1,500 hivi. Sokoni Ujiji watu walilipana kwa shanga za sofi, zilizofanana na vipande vya mrija wa kiko.

Kwa mwenye chombo, soko la namna hiyo ni nusu ya bandari. Baharia hali mawimbi. Nahodha yeyote aliyetaka kukaa ziwani miezi sita alihitaji nchi ya juu yenye mavuno nyuma yake, na hapakuwa na sehemu nyingine ya ufukwe wa mashariki iliyolingana na Ujiji kwa hilo. Ndiyo maana Wazungu wa kwanza wote walifikia hapo, ijapokuwa kama maegesho ya vyombo palikuwa pabaya. Ufukwe wake ni wa mteremko mdogo sana, uko wazi kwa upepo wa kusini-mashariki unaovuma kwa nguvu wakati wa kiangazi, na kusini kidogo mto Luiche unamwaga tope na kutandaza vinamasi.

Richard Burton na John Speke walijionea hayo baada ya kufika Februari 1858. Walitaka jahazi, Ujiji ikawa na mitumbwi tu. Speke akavuka ziwa kwenda kisiwa cha Kasenge kumwomba Sheikh Hamid bin Sulayyam jahazi lake. Njiani, wakiwa wamepiga kambi kisiwani, tufani ililikumba hema lake. Alipowasha mshumaa apange vitu, wadudu weusi wakajaa ndani na mmoja akamwingia sikioni. Alijaribu kumtoa kwa kisu kidogo, akajijeruhi, na sikio lile likawa kiziwi kwa miezi. Jahazi hakulipata. Yeye na Burton walilazimika kwenda Uvira kwa mitumbwi.

Mitumbwi hiyo haikuchongwa Ujiji. Miti mikubwa ya kutosha ilikuwa ng'ambo, katika milima ya Ugoma, upande ambao sasa ni Kongo. Gogo lilichongwa huko, likavushwa, kisha Waswahili na Waarabu wa Ujiji wakaliongezea mbao ubavuni, mlingoti na tanga. Chombo cha namna hiyo ndicho Verney Lovett Cameron alichokodi Machi 1874, akakiita Betsy, akazunguka nusu ya kusini ya ziwa. Stanley alikuja 1876 na mashua yake ya vipande, Lady Alice, iliyobebwa mabegani kutoka pwani, akazunguka ziwa lote.

Wapagazi hawakupita bure. Njia ya kwenda ziwani ilikuwa na wenyewe. Burton alipita Uvinza na kulipa kivuko cha Malagarasi. Stanley, katika safari yake ya kwanza ya 1871, alipita Uha na kumkuta mtwale, yaani chifu mdogo, aitwaye Mionvu, aliyedai doti 100 za nguo na kukubali 75. Mbele yake walikuwapo watwale wengine, kila mmoja na dai lake. Mwishowe Stanley alitoroka usiku kupitia misitu ili nguo zisimwishie kabla ya Ujiji. Vitabu vya wasafiri vinaisimulia hongo, yaani ushuru huo wa njia, kama unyang'anyi. Inafaa kuiona kama ilivyoonekana kutoka upande wa pili: mamia ya watu wenye bunduki wanapita katika mashamba ya Waha, wanakula, wanachota maji, na mwami, mtawala wao, ana haki ya kodi kama forodha yoyote duniani.

Hore aliyaelewa hayo kuliko wengi. Alinunua gogo la Ugoma, akalifunga sitaha na tanga kwa mkono wake mwenyewe, akaliita Calabash, akaanza kupima ziwa. Katika safari hizo alikuta jambo ambalo lingeamua hatima ya Ujiji. Cameron alikuwa ameona mwaka 1874 kwamba mto Lukuga, ufukwe wa magharibi, ndio mlango wa maji ya ziwa. Stanley aliukuta mwaka 1876 umezibwa na matete na tope. Hore alipofika 1879 maji yalikuwa yamevunja kizuizi na kukimbia kuelekea Kongo kwa nguvu. Ziwa lililokuwa likipanda kwa miaka mingi lilikuwa limefika kilele chake 1878, na sasa lilianza kushuka. Hadi katikati ya miaka ya 1890 lilikuwa limeshuka karibu mita 10.

Penye ufukwe wa mwamba, mita 10 ni tofauti ya ngazi. Penye ufukwe kama wa Ujiji, ni maji kukimbia mji. Mahali ambapo mitumbwi ilivutwa juu wakati wa Burton pakawa shamba. Mgeni anayekwenda leo kuona mnara wa Livingstone, aliyekutana na Stanley hapo mwaka 1871, hushangaa kuambiwa kwamba ziwa lilikuwa jirani. Sasa lazima ateremke mwendo mzuri kabla ya kuliona.

Hore hakungoja hadi hapo. Mwaka 1883 alileta Ujiji mashua ya chuma, Morning Star, kwa vipande vilivyokokotwa kwenye mikokoteni kutoka pwani, ikaunganishwa na kushushwa majini. Chombo kama hicho kilistahili nyumba. Kuhusu mahali pa kukaa, Wazungu wa wakati huo waliamini kwamba homa hutokana na hewa chafu ya kinamasi. Ushahidi wa Ronald Ross kwamba mbu ndio waenezao malaria ulikuja 1897. Kwa imani hiyo walitafuta penye jua, mwinuko na upepo, mbali na matope. Walikosea sababu, lakini mara nyingi waliangukia mahali pazuri, kwa kuwa penye upepo na pakavu mbu ni wachache. Kwa kipimo chao Luiche iliiharibia Ujiji sifa zote.

Chaguo la Hore likawa Kavala, kisiwa kidogo karibu na ufukwe wa magharibi, upande wa Uguha. Kati ya kisiwa na bara palikuwa na maji yaliyokingwa. Mwanzoni mwa 1885 alimleta mkewe Annie na mtoto wao Jack. Annie alikuwa amebebwa na wapagazi kutoka pwani katika kiti cha magurudumu, safari iliyochukua miezi mitatu hivi, akaandika kitabu juu yake mwaka uliofuata. Alifungua shule kisiwani. Meli ya mvuke ya misheni, Good News, ilikuwa nzito mno kwa njia ya Ujiji, hivyo vipande vyake vilipitishwa Zambezi na Ziwa Nyasa, na gamba lake likashushwa majini kusini kabisa, Liendwe, Machi 1885. Mhandisi wake, James Roxburgh, alikufa mwaka huohuo. Injini ilikuja kufanya kazi baadaye.

Kavala ilikuwa chaguo la baharia, na hapo ndipo kasoro yake ilipokuwa. Chombo kilitulia, lakini nyuma yake hapakuwa na kitu: hapakuwa na soko kama la Ujiji, wala Buha ya kuteremsha mtama na maharage. Hore aliondoka 1888 na misheni ikakiacha kisiwa, ikakusanya nguvu zake kusini, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Huko Niamkolo walijenga kanisa la mawe katika miaka ya 1890 na kulihama mwaka 1908, ugonjwa wa malale ulipolazimisha watu kuondoka ufukweni. Kuta zake bado zimesimama.

Wajerumani nao walianza Ujiji, ambako kituo chao cha kijeshi kiliwekwa mwaka 1896. Macho yao yalihamia haraka upande wa pili wa rasi ya Bangwe, kilomita chache tu kaskazini. Kigoma ilikuwa kijiji. Lakini ghuba yake ni ya kina, imekumbatiwa na vilima vinavyozuia upepo wa kusi, na maji yaliposhuka mita 10 hayakuikimbia. Zaidi ya yote, ilitumia njia zilezile za kutoka nchi ya juu ambazo Ujiji ilizitumia. Hiki ndicho Hore alichokikosa Kavala: mlango wa maji na mlango wa milima mahali pamoja. Reli ya kati, yenye urefu wa kilomita 1,250 hivi kutoka Dar es Salaam, iliishia hapo Februari 1914.

Mwaka mmoja baadaye, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imeshaanza, tarehe 5 Februari 1915, Kigoma ilishusha majini meli ya Graf von Goetzen, yenye urefu wa mita 71, iliyojengwa Papenburg, ikafunguliwa na kusafirishwa katika makasha 5,000. Waingereza walijibu kwa boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, chini ya Geoffrey Spicer-Simson. Yeye pia alianza kwa swali la Hore. Mlango wa Lukuga haukumridhisha, akajengewa gati kusini kidogo, Kalemie; kutoka hapo aliiteka meli ya Kijerumani Kingani tarehe 26 Desemba 1915 na kuizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann, Februari 1916. Wajerumani wenyewe walizamisha Goetzen tarehe 26 Julai 1916, karibu na Kigoma, baada ya kupaka injini grisi. Waingereza waliiibua 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba.

Kwa nchi ya juu, kuhama kwa bandari kutoka Ujiji hadi Kigoma hakukuwa jambo la kilomita chache. Ujiji ilinunua mazao ya Buha. Kigoma, pamoja na reli yake, ilichukua watu wa Buha. Baada ya vita, serikali ya Kiingereza iliiachia Kigoma mazao machache ya biashara na kuigeuza ghala la nguvukazi. Vijana wa Kasulu na Kibondo waliteremka kupanda treni kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba. Katika miaka ya 1930 malale yaliyokuwa yamewahamisha watu wa Niamkolo yalizifikia hesabu za serikali huku pia, na familia nyingi za Kibondo na Kasulu zikaamriwa kuacha mashamba yao na kukusanywa katika makazi mapya. Historia ya bandari za Tanganyika kwa kawaida huandikwa kwa majina ya manahodha. Watu hawa nao wana haki ya kuwamo, kwa sababu mzigo wa kila uamuzi uliofanywa ufukweni ulipanda mlima hadi kwao.

Ziwa lenyewe halijatulia. Tangu 2020 limepanda tena na kufurika katika mitaa ya Bujumbura. Mitumbwi mirefu ya mbao, siku hizi ya injini, huondoka Kibirizi, kaskazini mwa Kigoma, ikipeleka abiria na shehena kwenye vijiji visivyofikika kwa gari.

Kijiji kimojawapo ni Kagunga, mpakani na Burundi, ukanda mwembamba wa mchanga chini ya mlima mkali. Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko walijazana hapo, kipindupindu kikaanza kuua, na njia pekee ya kuwatoa ilikuwa majini. Liemba iliitwa. Kagunga haina gati, hivyo ilitia nanga mbali na ufukwe, na boti ndogo zikawapeleka watu ubavuni mwake, mamia kwa kila safari. Meli iliyowahi kutumika vitani ilitembea usiku na mchana kati ya Kagunga na ile ghuba ya kina iliyochaguliwa karne moja nyuma yake. Kutoka Kigoma, mabasi yalipandisha watu hadi Nyarugusu, wilayani Kasulu, kambi iliyofunguliwa 1996 kwa Wakongo waliovuka ziwa hilohilo. Ilipofurika, Oktoba mwaka huo kambi ya Nduta ilifunguliwa upya huko Kibondo.