Daraja la Darajani: Nani Aliyelijenga?

Aliyekulia Unguja hahitaji kuelezwa Darajani ni wapi. Soko lililojengwa mwaka 1904 lipo, samaki na ndizi zipo, lakini daraja halipo. Mahala hapo palipita hori ya bahari iliyoutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Ikafukiwa kidogo kidogo, ikawa barabara. Kilichobaki ni jina.

Jina hilo latuhakikishia mambo mawili tu: kwamba watu walivukia hapo, na kwamba kivuko chenyewe kilijulikana na wote. Halitaji mjenzi, wala halisemi kama daraja lilikuwa la mbao au la mawe. Hata neno lenyewe lina safari yake. Mwarabu husema jisr au qantara. Daraja kwake ni kipandio cha ngazi, au cheo. Ni sisi Waswahili tuliolivusha maji.

Ni rahisi kumpa sifa Seyyid Said, aliyehamishia makao yake Unguja, au Seyyid Barghash (1870–1888), aliyeleta maji ya mfereji mjini na kujenga Beit al-Ajaib. Lakini sifa ya mtawala si ushahidi. Daraja hubomoka, likajengwa jingine palepale, na jina likabaki lile lile. Huenda basi wazee wawili wanaotaja wajenzi wawili wote wakawa wamesema kweli, kila mmoja kwa daraja lake. Tena aliyeamuru siye aliyechoma chokaa na kubeba mawe. Katika mji ambao utumwa haukufutwa kisheria hadi 1897, mikono hiyo nayo ni sehemu ya asili ya jengo.

Ushahidi twautafuta katika hati za wakfu na za mauzo ya nyumba. Hati hizo hutaja mipaka ya pande nne: huku nyumba ya fulani, huku njia, huku bahari. Likitajwa daraja, na chini pana tarehe ya Hijria, tumejua kwamba siku hiyo lilikuwapo. Tarehe ikiwa kabla ya mwaka 1287, basi daraja hilo si la Barghash.

Hati nyingi zilisafiri na wenyewe baada ya 1964, zikafika Muskati na London ndani ya masanduku. Wajukuu wasiosoma Kiarabu huziona makaratasi matupu. Twawaomba: kabla ya kuzitupa, zipigeni picha mbele na nyuma, kisha muulizeni mzee aliyepo nyumbani zinahusu nyumba gani.