V1agra na ndugu zake

V1agra: hilo si kosa la chapa. Mtumaji wa barua pepe taka ameweka tarakimu 1 mahali pa i ili kichujio kisilitambue neno, huku jicho la msomaji likilisoma vilevile. Waprogramu hulinasa kwa ruwaza: v[i1!][a@]gr[a@]. Mabano ya mraba humaanisha “mojawapo ya hizi”, hivyo mtego mmoja unakamata sura 12.

Tatizo ni kunasa wasiohusika. Neno la Kiingereza specialist, yaani bingwa, limebeba tumboni Cialis, dawa nyingine ya nguvu za kiume. Mwaka 1996 wakazi wa Scunthorpe, Uingereza, walikwama kujisajili katika huduma ya intaneti ya AOL kwa sababu ya herufi nne zilizomo katika jina la mji wao. (Zitafute mwenyewe, gazeti hili husomwa na watoto.)

Kiingereza hujiokoa kwa alama ya mpaka wa neno, \b. Kiswahili hakiokoki kirahisi hivyo, maana viambishi vyetu hubadilisha neno mbele na nyuma. Anayezuia neno mkopo katika barua taka ataikosa mikopo, mkopeshaji na tukukopeshe. Akitafuta kop peke yake, atanasa hata kopo la maziwa.